Wasomaji Wanauliza: Dawa Nimewapa, Minyoo Inatoka Wapi Tena?

Barua nyingi za toleo hili ni za wafugaji wa nguruwe, na karibu zote zinalalamikia minyoo inayorudi. Tumechagua nane. Dozi tunazotaja ni za kawaida, lakini soma lebo ya chupa uliyonayo, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa nguvu tofauti.

Nafuga nguruwe wa kunenepesha kwenye banda la saruji. Kila miezi mitatu nawachoma sindano ya ivermektini, na baada ya siku chache naona minyoo mirefu myeupe ikitoka. Miezi mitatu baadaye inatoka tena mingi vilevile. Je, nauziwa dawa feki?

Dawa iliyotoa minyoo mirefu namna hiyo haionekani kuwa feki. Hiyo ni minyoo mikubwa ya duara, ambayo jike lake hufika sentimita 40. Hukaa kwenye utumbo mwembamba, na jike moja hutaga mayai laki mbili na zaidi kwa siku. Sindano yako iliua minyoo iliyokuwa utumboni siku ile. Mayai yaliyotapakaa sakafuni haikuyagusa, na hayo ndiyo yanayokurudishia tatizo.

Yai linapotoka na kinyesi bado haliwezi kuambukiza. Linahitaji unyevu, hewa na joto, na baada ya wiki 3 hadi 6 hivi buu ndani yake huwa tayari. Kwenye baridi huchelewa zaidi. Likishakomaa, yai hilo linaweza kungoja kwa miaka. Nguruwe akilimeza, buu hutoka, hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye ini na kisha mapafu. Baada ya kama wiki moja hupanda hadi kooni kwa kikohozi, humezwa na kurudi utumboni. Kuanzia siku yai lilipomezwa hadi mnyoo mpya kuanza kutaga ni wiki 6 hadi 8.

Sasa piga hesabu ya ratiba yako. Miezi mitatu ni wiki 13. Nguruwe aliyemeza mayai siku ya pili baada ya sindano anaanza kumwaga mayai mapya wiki ya 7 au ya 8, na anaendelea kuyamwaga wiki tano nzima kabla ya sindano inayofuata. Kila mzunguko banda linachafuka zaidi. Ndiyo maana kwenye banda lililokwisha kuchafuka tunashauri dozi kila baada ya wiki 5 hadi 6 kwa kundi la kunenepesha, ili minyoo ife kabla haijafika umri wa kutaga. Kumbuka tu muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Kwa ivermektini, lebo nyingi hutaka kati ya siku 18 na 28.

Dawa peke yake haitatosha, kwa hiyo shughulikia sakafu kundi linapotoka. Yai la mnyoo huu lina ganda nene lenye utando unaonata. Hushika kwenye nyufa, kwenye pembe na chini ya hori. Dawa nyingi za kuua vijidudu, klorini ikiwemo kwa kipimo cha kawaida, haziliui. Linalolimaliza ni joto na ukavu. Kwangua kinyesi chote kikiwa kikavu, kisha loweka sakafu kwa maji ya moto yenye sabuni kwa saa kadhaa. Sugua kwa brashi ngumu, hasa sehemu ya chini ya kuta hadi pale pua ya nguruwe inapofika. Suuza, halafu mwagia maji yanayochemka kidogo kidogo au tumia mvuke. Joto la nyuzi 60 na zaidi huua mayai kwa dakika chache, lakini maji ya moto yakimwagwa kwenye saruji baridi hupoa upesi, kwa hiyo usiyanyunyize eneo pana kwa mkupuo mmoja. Acha banda likauke, jua liingie ikiwezekana, na lisikaliwe angalau wiki moja. Ziba nyufa kwa saruji. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na nyufa hubaki ghala la mayai.

Tahadhari moja: pampu ya maji yenye nguvu, bila sabuni na bila joto, huhamisha mayai tu kutoka chumba kimoja hadi cha jirani.

Machinjioni wamekata na kutupa maini ya nguruwe wangu kwa sababu ya madoa meupe. Lakini wanyama walikuwa wanene, na kinyesi kilipopimwa hakikuonyesha yai hata moja. Ini liliharibiwa na nini?

Na mabuu ya mnyoo huyohuyo wa duara. Yanapopita kwenye ini huacha njia zenye majeraha, na mwili huzijaza makovu meupe. Makovu hayo hupotea yenyewe baada ya wiki 5 au 6, kama nguruwe hamezi mayai mengine. Kwa hiyo ini lenye madoa mengi siku ya kuchinjwa linakuambia kuwa mnyama alikuwa akimeza mayai ndani ya mwezi mmoja na nusu uliopita.

Kipimo cha kinyesi huona mayai, na mayai hutagwa na minyoo mikubwa tu. Nguruwe aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita hana mnyoo wa kutaga. Isitoshe, nguruwe aliyekwisha kuzoea maambukizo hufukuza sehemu kubwa ya mabuu mara yanaporudi utumboni, kabla hayajakua. Ini limeumia, mapafu yameumia, chakula kimetumika kujenga upya mwili badala ya kuongeza nyama, na kinyesi bado ni safi kwenye hadubini. Kwa mfugaji wa kunenepesha, ripoti ya maini kutoka machinjioni ina thamani kuliko kipimo cha kinyesi. Omba wakuhesabie maini mangapi kati ya mangapi yalikuwa na madoa, na uandike yalitoka chumba gani.

Kikohozi kikavu kwa nguruwe wa miezi miwili au mitatu, siku 7 hadi 10 baada ya kuhamia chumba kipya, mara nyingi kina chanzo hicho hicho. Mabuu yakiwa mapafuni, vimelea vya nimonia hupata nafasi.

Watoto wa nguruwe wenye siku 8 wanaharisha uji wa njano kama maziwa yaliyoganda. Niliwapa antibiotiki siku tatu, haikusaidia. Mama yao alipata dawa ya minyoo.

Umri huo, rangi hiyo na antibiotiki kutofanya kazi vinaelekeza kwenye koksidia. Huyu si mnyoo. Ni kimelea cha chembe moja kinachoharibu ukuta wa utumbo mwembamba, na dawa za minyoo hazikigusi kabisa. Kuhara huanza kati ya siku ya 5 na ya 15. Watoto hawafi wengi, ila hudumaa, na utawaona wamepishana ukubwa siku ya kuwaachisha kunyonya.

Mara nyingi mama hana lawama hapa. Chanzo ni sakafu ya chumba cha kuzalia ambayo haikusafishwa vizuri baada ya uzao uliotangulia. Pale unapowawekea watoto taa ya joto, nyuzi 32 hadi 35 na unyevu, kimelea hukomaa na kuwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au pungufu. Kusafisha mara moja kwa siku kunamwachia muda wa kutosha. Ondoa kinyesi cha watoto asubuhi na jioni, badilisha matandiko yaliyolowa, na usipite na ufagio uleule kutoka chumba cha wanaoharisha kwenda kwa waliozaliwa jana.

Dawa ni toltrazurili ya kunywesha, miligramu 20 kwa kila kilo, mara moja, watoto wakiwa na siku 3 hadi 5. Kwa dawa ya asilimia 5 hiyo ni mililita 0.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 1.5 anapata mililita 0.6. Ukiwapa baada ya kuanza kuhara umechelewa, maana utumbo umeshaumia. Watibu uzao ujao mapema, na hawa wa sasa wape maji safi yenye chumvi na glukosi ya kurudisha maji mwilini. Lebo nyingi za toltrazurili hutaka siku 77 kabla ya kuchinja, jambo la kuangalia kwa anayeuza nguruwe wachanga kwa nyama.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hiki: minyoo myembamba kama uzi ambayo mabuu yake hupita kwenye maziwa ya mama. Hiyo nayo huharisha watoto kuanzia wiki ya pili, na kinga yake ni kumchoma mama ivermektini siku 7 hadi 14 kabla ya kuzaa. Maabara ikipewa kinyesi kibichi cha watoto wanne au watano itatofautisha.

Nguruwe wa miezi mitatu hadi minne, waliohamishiwa uwanja wa udongo, wanaharisha kamasi yenye damu na kukonda. Ivermektini imeshindwa.

Tuhuma ya kwanza ni mnyoo mjeledi. Ni mfupi, sentimita 3 hadi 8, mbele mwembamba kama uzi na nyuma mnene. Ile sehemu nyembamba hujichimbia kwenye ukuta wa utumbo mpana, na hapo ndipo damu na kamasi hutoka. Ivermektini haitegemewi kwake. Tumia fenbendazoli, na uigawe kwa siku kadhaa badala ya kuimaliza kwa dozi moja: miligramu 3 kwa kilo kila siku, siku 3 mfululizo. Kwa unga wa asilimia 4, nguruwe wa kilo 60 anapata gramu 4.5 kwa siku kwenye chakula. Ukichanganya kwa kundi, hakikisha hori lina nafasi ya wote kula kwa wakati mmoja. Vinginevyo wakubwa watakula dozi mbili na wale wagonjwa, ambao hawana hamu ya kula, wataambulia makombo.

Lakini usimalize pesa kwenye fenbendazoli kabla hujahakikisha. Kuhara damu kwa umri huo pia husababishwa na bakteria wa utumbo mpana, na matibabu yake ni mengine. Kinyesi hakisaidii sana mwanzoni, kwa kuwa nguruwe huanza kuugua kama wiki tatu baada ya kumeza mayai, ilhali mnyoo mjeledi hutaga baada ya wiki 6 au 7. Akifa mmoja, mwombe daktari wa mifugo apasue utumbo mpana kuanzia kwenye kifuko cha mwanzo wake, auoshe taratibu kwa maji na kuangalia ukuta. Minyoo ikiwa mingi huonekana kwa macho, imesimama kama nywele.

Kuhusu uwanja wenyewe hatuna habari njema. Mayai ya mjeledi huchukua kama miezi miwili au zaidi kukomaa kwenye udongo, na yakikomaa hudumu kwa miaka. Kupumzisha kiwanja kwa miezi sita hakutoshi. Hamisha wachanga kwenye sakafu inayosafishika, na ule uwanja ulime mazao.

Sina mizani. Nitajuaje dozi?

Kwa futi kamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, nguruwe akiwa amesimama na kichwa kimenyooka. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 14,400. Vipimo viwe sentimita, jibu ni kilo. Mzunguko 90 na urefu 95 hutoa kilo 53 na ushee. Ivermektini ya asilimia 1 hutolewa mililita 1 kwa kilo 33, chini ya ngozi ya shingo nyuma ya sikio, kwa hiyo huyo anapata mililita 1.6.

Ukishindwa kupima wote, pima aliye mkubwa zaidi katika kila chumba na uwape dozi yake wale wanaomkaribia. Dozi pungufu huacha hai minyoo iliyo sugu, nayo ndiyo itakayotaga. Levamisoli tu ndiyo inayotaka uangalifu zaidi upande wa pili: miligramu 8 kwa kilo ni sawa, lakini ikizidi sana mnyama hutoa mate, hutetemeka na anaweza kufa.

Jike mwenye mimba apewe lini, na dawa gani?

Siku 10 hadi 14 kabla ya tarehe ya kuzaa. Fenbendazoli ya miligramu 5 kwa kilo inafaa. Jike wa kilo 200 anahitaji miligramu 1,000, yaani gramu 25 za unga wa asilimia 4 au mililita 10 za dawa ya maji ya asilimia 10. Ivermektini pia ni salama kwake, na inaondoa upele na chawa. Albendazoli epuka, hasa mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu inaweza kulemaza watoto tumboni.

Kabla hajaingia chumba cha kuzalia, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukisugua chuchu, tumbo na kwato. Watoto humeza mayai yao ya kwanza wakinyonya chuchu zilizochafuka. Jike mkubwa mara nyingi hubeba pia minyoo ya vinundu ya utumbo mpana, ambayo humkondesha na kupunguza maziwa bila ya dalili nyingine, na dawa zote mbili huimaliza ile iliyokomaa. Kinyesi chake cha siku tatu au nne baada ya dawa kikusanywe na kupelekwa kwenye lundo la mboji.

Wenye nguruwe wageni: dozi siku ya kufika, chumba cha mbali kwa siku 30, na viatu na koleo vyake pekee. Siku zote hudumia watoto kwanza, wakubwa baadaye, wageni na wagonjwa mwisho. Toroli la kinyesi lisiwe ndilo la kubebea chakula. Hili linaonekana dogo, na tunalikuta kila mahali.

Samadi ya nguruwe naweza kuiweka kwenye bustani ya mboga? Nimesikia watu hawapati minyoo ya nguruwe.

Umesikia vibaya. Mnyoo mkubwa wa duara wa nguruwe huambukiza watu pia, hasa watoto wanaocheza kwenye udongo na wanaokula mboga mbichi zilizonyunyiziwa udongo huo na mvua. Usiweke samadi mbichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Iivishe. Changanya kinyesi na majani makavu au maranda ili hewa ipite, jenga lundo la angalau mita moja na nusu kila upande, liwe na unyevu kiasi kwamba ukiliminya linalowesha kiganja bila kudondosha maji. Ndani joto linatakiwa lifike nyuzi 55 au zaidi na likae hapo siku 15, ukiligeuza mara tano katika muda huo ili sehemu za nje ziingie katikati. Kosa la kawaida ni kuligeuza mara moja tu: katikati mayai yamekufa, pembeni yako hai, na ukisambaza unachanganya yote. Tumia kipimajoto cha shina refu. Ukitia fimbo ya chuma na kuitoa baada ya dakika kumi utajua kama lundo lina moto, ila hutajua kama ni nyuzi 45 au 55.

Nyama ya nguruwe wangu mmoja imekutwa na punje nyeupe. Je, amewaambukiza wenzake bandani? Niwape ivermektini wote?

Hapana kwa yote mawili. Punje hizo ni mabuu ya tegu, na nguruwe mwenye punje hawezi kuzipitisha kwa nguruwe mwingine. Kila aliyepata alimeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu tumboni. Kwa hiyo tafuta njia ya kinyesi hicho: nguruwe wanaozurura, choo kisicho na mlango wala ukuta kamili, mfanyakazi anayejisaidia nyuma ya banda, au maji ya mfereji. Ivermektini haiui punje. Inayoziua ni oksfendazoli, miligramu 30 kwa kilo, kunywesha mara moja, lakini punje zilizokufa huendelea kuonekana kwenye nyama kwa wiki nyingi, hivyo haina maana kumpa nguruwe unayemchinja mwezi huu.

Nyama hiyo isiuzwe wala kuliwa, na isitupiwe mbwa. Mtu akila punje hai, hupata tegu utumboni. Akimeza mayai ya tegu, kwa mikono michafu au mboga, punje huota mwilini mwake mwenyewe, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Watu wote wanaoishi au kufanya kazi hapo waende kituo cha afya kupimwa. Dawa ya tegu isinywewe kwa kujinunulia, kwa sababu kwa mtu mwenye punje kwenye ubongo inaweza kuamsha degedege.